Safari ya magari ya maksai kwenda Oregon: zoezi gani linafundisha kweli?

Mwl_Rehema

Habari za humu, walimu wenzangu. Nina wanafunzi 28 wa miaka 10 hadi 12, na vipindi vinane vya dakika 40 kuhusu watu waliohamia magharibi ya Marekani miaka ya 1840 hadi 1860. Nina ramani ya ukutani, vitabu vichache vya picha, na ukumbi ninaoweza kuupata mara mbili.

Mazoezi mengi yanayosambazwa ni ya kuvaa kofia na kupaka rangi gari lenye turubai jeupe. Watoto wanafurahi, lakini ukiwauliza kwa nini watu waliondoka Mei na si Agosti, kimya. Nataka kitu kitakachowalazimisha kufikiri.

Orodha za vyakula na mizigo nazo hazifanani, kila mmoja ana yake. Ipi inafaa kwa hesabu?

Halafu kuna wenyeji wa asili. Kwenye vitabu vyangu wanatokea ukurasa mmoja tu, juu ya farasi, wamewekwa kundi moja na mafuriko na dubu. Niwafundisheje?

Dogo la mwisho: kwa Kiswahili tuwaite nani wasafiri hawa? Waanzilishi, watangulizi, wahamiaji, walowezi? Nimeyaona yote.

---

Fundi_Seremala

Mwalimu Rehema, anza na sakafu. Chukua utepe wa karatasi, chora mstatili wa mita 3 kwa mita 1.2 katikati ya ukumbi. Hilo ndilo sanduku la gari. Kina chake ni kama sentimita 60, kwa hiyo simamisha fimbo ya urefu huo kila kona. Waingie watu wanne, wakae chini, wanyooshe miguu. Kisha waambie kwamba mali yote ya familia, kwa miezi minne hadi sita, inakaa humo, na wao wenyewe hawapandi.

Hapo kwenye kutopanda ndipo picha nyingi zinadanganya. Utamwona baba ameketi mbele ameshika hatamu. Maksai hawaendeshwi kwa hatamu: wanafungwa nira shingoni, na mwendeshaji anatembea kwa miguu ubavuni mwao, upande wa kushoto, akitumia sauti na mjeledi. Gari halikuwa na springi, na kila kilo ya mtu ilimchosha mnyama. Waliopanda ni wagonjwa, wazee na watoto wachanga. Wengine walitembea kilomita 3,200.

Kosa jingine ni lile gari kubwa lenye umbo la mashua, lililoinuka mbele na nyuma. Hilo ni Conestoga, gari la mizigo la Pennsylvania, zito mno kwa safari hii. Waliokwenda Oregon walitumia gari la kawaida la shamba, wakaliwekea matao ya mbao na turubai la pamba lililopakwa mafuta ya kitani lisivuje.

Kuhusu vyakula, tumia orodha moja tu na useme ni ya nani. Ninayoipendekeza ni ya Lansford Hastings, aliyeandika kitabu cha mwongozo kwa wahamiaji mwaka 1845, kwa mtu mzima mmoja: unga ratili 200, nyama ya nguruwe ya chumvi 150, kahawa 10, sukari 20, chumvi 10. Kwa kilo: 91, 68, 4.5, 9 na 4.5. Jumla kilo 177. Orodha hazifanani kwa sababu nyingine ni za baadaye, zinahesabu siku pungufu, na ziliandikwa njia ikiwa tayari na vituo vya kununulia. Hakuna iliyokosea, ila ukizichanganya hesabu haikubali.

Sasa zoezi lenyewe. Watu wazima wanne ni kilo 708. Lipe gari kikomo cha kilo 1,000. Zimebaki 292. Andaa kadi za vitu zenye uzito wa kukadiria, na uwaambie wazi kwamba ni makadirio: pipa la maji kilo 90, hema na matandiko 70, shoka, msumeno na jembe 30, ekseli ya akiba 30, sufuria na vyombo 25, bunduki na risasi 20, mbegu 20, sanduku la vitabu 40, kiti cha bibi 10, saa ya ukutani 15, jiko la chuma 120. Vyote pamoja ni kilo 470, kwa hiyo lazima 178 zibaki nyumbani. Kila kundi liandike limeacha nini na kwa nini.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza, watoto huchagua kwa kupenda halafu ndipo wajumlishe. Wazuie: chakula kwanza, hesabu ubaoni, kadi baadaye. La pili, karibu kila kundi hupunguza unga ili saa ya ukutani ipate nafasi. Usiwakataze. Kipindi kinachofuata watakapofika Fort Laramie, waambie maksai wamechoka na kilo 100 zishuke hapo hapo. Ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1849, wakati watu walipokimbilia dhahabu ya California, majiko na marundo ya nyama yalitupwa kandokando ya njia karibu na ngome hiyo.

---

Ramani_Ukutani

Naunga mkono utepe wa sakafuni, ila swali la Mei na Agosti linajibiwa na kalenda, na kalenda ni hesabu ya darasa lao kabisa.

Wape namba tatu: kilomita 3,200 kutoka Independence, Missouri hadi bonde la Willamette huko Oregon, maksai hutembea kama kilomita 3 kwa saa, siku ya kawaida ni kilomita 20. Safari ni siku 160. Ukiondoka 1 Mei unafika 8 Oktoba. Sasa uliza: je, mkipumzika kila Jumapili? Siku sita za kutembea kwa saba, safari inakuwa kama siku 187, na mnafika mwanzoni mwa Novemba. Misafara ya kweli iligombana juu ya jambo hili hili. Wengine walishika Sabato, wengine walisema theluji haijui Jumapili.

Kisha kipimo cha katikati. Kuna mwamba Wyoming uitwao Independence Rock, kama kilomita 1,300 kutoka mwanzo wa safari, na desturi ilikuwa kufika hapo kufikia 4 Julai. Wanafunzi wagawanye 1,300 kwa 20: siku 65. Kutoka 1 Mei wanatua 5 Julai. Wakiona hesabu yao imeangukia karibu kabisa na tarehe ile, wataelewa desturi haikutoka hewani.

Kwa nini basi wasiondoke Machi wapate nafasi? Kwa sababu petroli ya gari ilikuwa nyasi. Maksai wanne hadi sita hawawezi kubebewa majani ya miezi mitano. Ukiwahi sana, majani hayajaota na njia ni tope. Ukichelewa, waliotangulia wamekwishayamaliza na mbele kuna milima yenye theluji. Dirisha lenyewe ni wiki chache za mwisho wa Aprili na Mei. Hii pia inaeleza kwa nini wengi walichagua maksai badala ya farasi: bei nafuu, wananenepa kwa nyasi mbaya, na si rahisi kuibwa kwa kukimbizwa usiku. Baghala ni wepesi zaidi lakini ghali.

Na tukiwa kwa Hastings: watoto wajue mtu aliyewapa orodha ya unga ndiye aliyetangaza njia ya mkato kusini mwa Ziwa Kuu la Chumvi, naye alikuwa hajawahi kuipitisha gari hata moja wakati anaitangaza. Mwaka 1846 kundi la Donner, watu 87 waliokuwa wanakwenda California, waliifuata, wakapoteza wiki kadhaa, wakakutwa na theluji ya milima ya Sierra Nevada mwishoni mwa Oktoba. Karibu nusu walikufa. Kwa umri huo hakuna haja ya kuingia kwenye yale waliyokula. Swali linatosha: chanzo kimoja kinaweza kuwa sahihi kuhusu unga na kikapotosha kuhusu njia?

---

Jikoni_na_Chaki

Mmemsahau tumbo. Zoezi la siagi linadharauliwa kama mchezo, lakini lina maana ukilifunga na gari lenyewe: maziwa ya asubuhi yalitiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, ikaning'inizwa garini, na mtikisiko wa siku nzima ukatoa siagi jioni.

Darasani: chupa ya mdomo mpana ya nusu lita, malai mazito mililita 200, yaani isifike nusu. Ukiijaza, malai hayana pa kugonga na hutapata kitu. Joto la malai liwe nyuzi 15 hadi 18. Yakitoka moja kwa moja kwenye friji yanashika kuta za chupa na watoto wanakata tamaa. Yakiwa ya moto unapata grisi laini isiyoshikana. Watikise kwa zamu, dakika moja kila mtu. Baada ya dakika kama tano sauti inapotea kabisa, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani imeharibika. Imekuwa malai ya kuvimba tu. Waendelee. Ghafla chupa inaanza kupiga kwa kishindo, bonge limejitenga na maziwa mepesi. Mwaga maziwa, osha bonge kwa maji baridi mara tatu hadi maji yatoke safi kama yalivyoingia, weka chumvi kidogo. Usipoosha, inachacha kesho yake.

Biskuti kavu ya safari: unga vikombe 3, maji kikombe 1 kasoro, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu. Kanda hadi iwe ngumu isiyonata, sukuma unene wa sentimita 1, kata mraba, toboa matundu 16 kila kipande, oka nyuzi 190 dakika 30 kila upande. Matundu ni ya kutoa mvuke. Bila hayo inavimba na unyevu unabaki ndani, ikaota ukungu. Onyo: usiwaruhusu waiume kavu. Iloweke kwenye chai au mchuzi kwanza, meno ya watoto hayana akiba.

Uliza kuhusu mzio wa maziwa na ngano kabla ya yote haya.

---

Kumbukumbu

Nijibu kuhusu wenyeji na kuhusu jina, maana ni jambo moja.

Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko tunavyodhani. "Waanzilishi" na "watangulizi" yanasema hapakuwa na mtu kabla yao. "Mlowezi" linatoka kwenye kulowea, kukaa moja kwa moja ugenini, na ndani yake mna swali: ugenini kwa nani? Ningewaita wahamiaji wakiwa njiani, na walowezi tangu siku wanapopima ardhi. Waachie wanafunzi wenyewe wabishane neno lihame wapi kwenye ramani. "Wahindi Wekundu" liache kwenye vitabu vya zamani. Tumia majina ya mataifa kwa mpangilio wa njia: Wapawnee kwenye mto Platte, kisha Walakota na Wacheyenne, Washoshone kuvuka milima, Wanez Perce na Wacayuse karibu na mwisho. Ubandike majina hayo kwenye ramani ya ukutani KABLA ya kuchora mstari wa safari. Ukichora mstari kwanza, majina yanageuka mapambo ya pembeni.

Kuhusu hatari, kuna hesabu ya mwanahistoria John Unruh ya miaka 1840 hadi 1860: watu karibu 296,000 walivuka kwenda Oregon, California na Utah. Waliouawa na wenyeji ni 362. Wenyeji waliouawa na wahamiaji ni 426. Andika namba hizo tatu ubaoni bila maelezo, wape dakika tano. Muuaji mkubwa alikuwa ugonjwa, hasa kipindupindu cha miaka ya 1849 hadi 1852. Kambi zilirundikana ufukweni mwa Platte, vyoo na visima vifupi vikakaribiana, na hakuna aliyejua kwamba maji ndiyo yaliyobeba ugonjwa. Daktari John Snow aliuonyesha uhusiano huo London mwaka 1854. Baada ya ugonjwa, ajali: kuzama mitoni, bunduki kufyatuka ovyo, na watoto kuanguka chini ya magurudumu.

Wenyeji kwa sehemu kubwa ya njia walikuwa wafanyabiashara na waongozaji. Waliuza farasi, viatu vya ngozi na samaki aina ya salmoni, waliwavusha watu mito, walionyesha malisho. Malalamiko yao yalikuwa na sababu ya kuonekana kwa macho: misafara ilimaliza nyasi na kuni kando ya mito na kuwafukuza nyati.

Hapo una kipindi kizima. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 uliahidi mataifa ya eneo lile bidhaa za thamani ya dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 50, kama fidia ya njia na uharibifu. Seneti ikapunguza miaka hiyo kuwa 10, na mitano zaidi kwa hiari ya Rais. Wanafunzi wazidishe: dola milioni 2.5 zikawa laki 5. Kisha waulize kama mkataba uliobadilishwa na upande mmoja baada ya kutiwa saini bado ni mkataba.

Tafadhali usiwagawe watoto nusu wahamiaji nusu wenyeji wakaigize vita. Wala usiigize Njia ya Machozi, yaani Wacherokee walivyohamishwa kwa nguvu mwaka 1838 na 1839. Maelfu walikufa humo, na kutembea kuzunguka uwanja dakika kumi hakumwelezi mtoto chochote isipokuwa kwamba jua ni kali. Soma nao ramani na hati.

Msiwasahau watu weusi pia. Serikali ya muda ya Oregon ilipitisha mwaka 1844 sheria ya kuwazuia kuishi huko. George Washington Bush, aliyesafiri mwaka huo huo, mtu mwenye mali aliyesaidia familia nyingine kwa vifaa, aliishia kaskazini ya mto Columbia mahali ambapo sheria ile haikufika kwa nguvu. Sheria ya ardhi ya Oregon ya 1850 ikampa mwanamume mzungu ekari 320, na 640 kwa mume na mke, nusu kwa jina la mke mwenyewe. Ukilifundisha hilo la mke kama hatua ya mbele, na ni kweli ni hatua, fundisha pia ardhi ilitoka kwa nani na ilimfungia nani mlango.

---

Plau_na_Jembe

Nyongeza fupi, maana naona hatari ya kuchanganya enzi. Nyumba za matofali ya nyasi, yaani mapande ya udongo yaliyoshikwa na mizizi, si za safari ya Oregon. Ni za Nebraska, Kansas na Dakota, hasa baada ya sheria ya Homestead ya 1862: ekari 160, ada kama dola 18 kwa jumla, sharti ukae miaka mitano na ulime. Waliokwenda Oregon walikuta misitu, wakajenga kwa magogo.

Ukitaka kuzigusa, matofali yalikatwa na plau maalumu, unene wa sentimita 10 hivi, yakapangwa nyasi zikiangalia chini ili mizizi ishikane. Kuta za karibu mita moja, joto wakati wa baridi, ubaridi wakati wa joto, na paa linalovuja siku mbili baada ya mvua kukatika. Chini ya dari walitundika kitambaa kudaka udongo na wadudu.

Picha nzuri za darasani ni za Solomon Butcher, aliyeanza mwaka 1886 huko Custer County, Nebraska. Waulize watoto kwa nini familia imetoa meza na ng'ombe mbele ya nyumba. Ndani giza lilikuwa kubwa kwa kamera, na watu walitaka mali yao ionekane. Picha nayo ni kitu kilichopangwa.

---

Mwl_Rehema

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimechukua "wahamiaji" kisha "walowezi". Sakafu na kadi za mizigo ni vipindi viwili, kalenda kimoja, majina ya mataifa na mkataba viwili, siagi kimoja. Vimebaki viwili, na nilitaka mchezo wa safari wenye kadi za bahati, makundi saba ya watu wanne. Naogopa mambo mawili: kadi ya mashambulizi, na mtoto kulia kwa sababu "amekufa".

---

Fundi_Seremala

Kadi ya mashambulizi usiiweke. Piga hesabu kwa namba za Kumbukumbu: 362 kwa 296,000 ni kama mtu mmoja kwa 800. Kadi moja kwenye furushi la 40 tayari ni mara ishirini ya ukweli.

Furushi la 40 ligawanye hivi: siku za kawaida 14, ugonjwa 8, mito 6, gari kuharibika 5, biashara na msaada wa wenyeji 4, ukosefu wa maji au malisho 3. Kila kundi livute kadi kumi, moja kwa kila kilomita 320, na kila kadi irudishwe kwenye furushi. Na kadi isiue mtu. Iondoe siku au kilo. Kundi likivuka 31 Oktoba kabla ya kufika, limekwama. Hilo linauma vya kutosha bila jeneza.

Kadi ziandikwe kwa sababu, si kwa matokeo tu. Mfano: "Hewa kavu baada ya Platte. Mbao za gurudumu zimesinyaa, pete ya chuma inacheza. Chagua: pigilia vipande vya mbao kati ya pete na gurudumu, poteza nusu siku, hatari ya kulegea tena, au zamisha gurudumu mtoni usiku kucha, poteza siku moja, limepona." Nyingine: "Mshoshone anajua kivuko chenye kina kifupi. Toa kilo 5 za unga au kahawa, okoa siku mbili." Ya gari: "Ndoo ya lami na mafuta ya mnyama imekauka. Ekseli inalia. Kama hukubeba ekseli ya akiba, siku tatu."

Kadi ya mwisho iwe moja kwa wote, isivutwe. Wamefika The Dalles kwenye mto Columbia. Kabla ya 1846 wangeshusha gari mtoni kwa chelezo. Mwaka huo ilifunguliwa barabara ya Barlow kuzunguka mlima Hood, dola 5 kwa gari na senti 10 kwa kila mnyama. Kwa hiyo kila kundi lipewe dola 6 mwanzoni na liruhusiwe kuzitumia njiani. Maksai sita na gari moja ni dola 5 na senti 60. Utaona ni makundi mangapi yamefika na dola nne.